Maji ya Jaruba Asubuhi

Nakumbuka asubuhi moja ya kupandikiza mpunga, nje kidogo ya Kahama. Baba alikuwa Rwamgasa kwenye mashimo ya dhahabu, akaniachia majaruba, vishamba vyetu vya mpunga vyenye kingo za kuzuia maji. Na kijana akiachiwa shamba, mwanangu, hudhani ameachiwa na watu wa kuamuru.

Mdogo wangu Milembe alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu aliourithi kwa baba na mama bila wao kujua kuwa wanaubeba. Masomo nayo yalimwia magumu. Alirudia darasa la kwanza mara tatu, na herufi aliyoijua leo, kesho ilikuwa ngeni kwake. Tulimwita mzito. Nasema tulimwita, lakini aliyeanza ni mimi.

Kwetu mpunga hupandikizwa kwa kusaidiana, leo kwako kesho kwangu, na mwenye shamba akichelewa kuingia majini huaibisha nyumba yake. Majirani wote wakaingia. Milembe akabaki ameketi kwenye tuta.

"Ingia, mvivu wee!"

"Bado, kaka. Jua."

Sikumuuliza jua lina nini. Nilimshika mkono nikamvuta mpaka maji yakamfika magotini. Watu wakacheka, nami nikafurahi.

Saa nne haijafika, alikuwa analia mifupa. Tulimpakia kwenye baiskeli hadi kituo cha afya, wakatuambia baridi ya maji ndiyo iliyoyaamsha maumivu. Alilazwa siku sita. Niliogopa atakufa, na aibu yangu ni kwamba niliogopa zaidi nitamwambia nini baba.

Bibi yetu hakunipiga. Alisema tu kwa Kisukuma chake, "Bebe, wewe Masanja, kila mwaka huyu husubiri maji yapate joto ndipo aingie. Kitabu kimemshinda, lakini mwili wake anaujua. Wewe uliyesoma, kuuliza kulikushinda?"

Milembe alipona, akapanda mpunga miaka mingi kwa saa zake mwenyewe. Ila mkono wangu hakuushika tena. Nikimnyooshea nimvushe mfereji, alikuwa akiuzunguka mfereji wote. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwanangu, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu mzito wa kujifunza akigoma, usikimbilie kumwita mvivu. Muulize, kisha ungoje jibu hata likichelewa, maana maumivu humfikia upesi kuliko maneno. Na usimvute. Mungu akupe subira ungali na wa kumsubiri, na mkono wako usiwahi kuogopwa na ndugu yako. Amina.