Mama Rangi na Mjukuu wa Manjano

Kwa miaka ishirini na miwili mama huyu amechanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Mteja huja na kipande cha kigae, au kitambaa, au kumbukumbu tu ya ukuta wa shangazi yake, naye hudondosha matone kwenye ndoo mpaka rangi ifanane. Wenzake humwita Mama Rangi, na jina hilo limemganda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Mjukuu wake wa kwanza alipoletwa nyumbani, siku moja tu baada ya kuzaliwa, Mama Rangi hakuhangaika kutafuta amefanana na nani. Alimbeba hadi dirishani, akambonyeza ncha ya pua, akaachia. Pale alipobonyeza pakabaki na njano kidogo. Akamfunua jicho. Hata weupe wa jicho ulikuwa kama chokaa iliyodondoshewa tone moja.

"Mwanangu, mtoto ana manjano."

"Ni hayo mapazia, mama," binti yake akajibu kutoka kitandani.

Jirani aliyekuja kutoa hongera akashauri mtoto aanikwe jua la asubuhi. Wa kwake aliwaanika wote wakapona.

"Kinachoanikwa ni nguo," Mama Rangi akasema. "Huyu ananyonya kidogo, halafu analala kama gogo. Inuka, tunarudi hospitali."

Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga alimchoma mtoto kisigino, damu ikapelekwa kupimwa. Majibu yakaonyesha kiwango cha manjano kiko juu. Mtoto akavuliwa nguo, akabaki na nepi na kitambaa cha kumfunika macho, akalazwa chini ya taa za buluu.

"Ni homa ya manjano?" binti akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Hapana, dada. Hiyo ni nyingine kabisa, huletwa na mbu. Chembe nyekundu za damu zikivunjika huacha uchafu wa njano, na ini ndilo husafisha. Ini la mtoto mchanga bado ni geni kazini, kwa hiyo wengi huwa na manjano kidogo, yakaisha yenyewe. Wako ameanza mapema. Wewe ni kundi la damu O, yeye ni B. Kinga za mwili wako zilizoingia kwake zinavunja chembe zake haraka mno. Uchafu ukizidi, hudhuru ubongo. Ndiyo maana hatusubiri."

"Na taa inafanya nini?" Mama Rangi alikuwa ameshasogea hadi kwenye kioo cha kitanda cha mtoto.

"Mwanga huu unaubadilisha ule uchafu ngozini, ukatoka kwa mkojo na choo. Kwa hiyo anyonye kila baada ya saa mbili au tatu."

"Kazini kwangu njano na buluu hutoa kijani. Mume wangu huyu asije akawa kijani!"

Muuguzi akacheka hadi akashika meza. "Yeye hatakuwa. Ila choo chake, usishangae."

Jioni nepi ikafunguliwa, na kweli, kijani. Mama Rangi akaiinua kwenye mwanga kama sampuli ya dukani, binti yake akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kesho yake bibi akatangaza kuwa mtoto amepona: ngozi haikuwa na njano hata chembe. "Macho yangu hayajawahi kukosea."

"Leo yamekosea," muuguzi akasema kwa upole. "Ngozi iliyomulikwa hutakata upesi, njano ya damuni ikabaki. Damu ndiyo itasema."

Damu ikasema bado. Mama Rangi akavuta kiti. Kisha akaomba aonyeshwe namna kipimo kinavyosomwa.

Siku ya tatu kiwango kilishuka vizuri, taa zikazimwa. Wakapewa ruhusa, na tarehe ya kurudi kupima tena, maana manjano huweza kupanda upya. Binti alikuwa anakunja shuka alipomwona mama yake anakunja mkono wa gauni mbele ya muuguzi.

"Na mimi nipime. Nina miaka hamsini na minne, nimezaa wanne, na kundi langu silijui."

"Mama, twende nyumbani!"

"Ngoja kwanza," akasema, huku akinyoosha kidole.