Mama Breki na Njia ya Majivu

Jua halijachomoza vizuri nyuma ya mlima, na uani kwa Mama Breki baiskeli saba zimeegemezwa ukutani. Anazipitia moja moja. Anabana breki ya mbele, anaisukuma baiskeli. Anabana ya nyuma, anaivuta. Akifika ya nne, gurudumu linazunguka tu kama halijasikia.

"Hii ya nani?"

Kijana mrefu, karani wa benki aliyetoka mjini na wenzake kutumia likizo, anainua mkono. Anasema jana imemfikisha hapa bila neno.

"Jana ulikuwa kwenye lami, mwanangu. Leo unashuka kwenye majivu ya volkeno. Majivu yanakupokea vizuri, halafu yanakutupa." Anageukia mlangoni. "Baba watoto! Mgonjwa wako wa kwanza huyu hapa."

Mumewe anatoka mdogo mdogo na mkongojo wake, anakaa kwenye kigoda, na baiskeli inapinduliwa mbele yake miguu juu. Wageni hawajamaliza chai, waya umeshakazwa. Karani anajaribu breki mwenyewe, nusura apite juu ya usukani. Wenzake wanaangua kicheko.

Mama Breki ana miaka arobaini na saba. Kazi yake ni kuwaongoza waendesha baiskeli wanaokuja kuzunguka mlima huu wa volkeno iliyozimika zamani. Njia inapanda katikati ya mashamba ya viazi, inazunguka ukingo wa kasoko, lile shimo la juu lenye ziwa, kisha inashuka kwenye mteremko wa majivu hadi uwanda wa mawe meusi. Wenyeji husema mawe hayo ni uji wa moto uliofurika kutoka mlimani ukagandia njiani.

Jina amepewa na wageni, kwa sababu ya neno analolipigia kelele kwenye kila kona. "Jina la kuzaliwa wanalijua ndugu zangu na watu wa kodi," anasema.

Baiskeli hakuanza nayo utotoni. Aliyekuwa na baiskeli ni mumewe, mchukuzi wa maziwa, aliyeyatoa kwa wafugaji wa juu na kuyashusha hadi kituoni, madumu mawili ubavuni na moja kwenye keria. Msimu mmoja wa mvua tairi liliteleza, akaingia korongoni na mzigo wake. Nyonga ilivunjika. Hospitali ilimrudisha nyumbani na maneno mawili: kutembea atatembea, baiskeli asahau.

"Watu walikuja kunipa pole, wakaondoka," anasimulia Mama Breki. "Lakini ng'ombe hajui kwamba mtu amevunjika. Kesho yake anataka kukamuliwa, na maziwa yanataka mtu."

Akaiokota baiskeli. Alijifunza kwenye kiwanja cha shule, jioni, wanafunzi wakishaondoka. Majirani walisimama pembeni kutazama sinema ya bure. Mmoja alisema mwanamke mwenye watoto watatu kupanda baiskeli ni dalili ya kiama.

"Nilianguka mpaka ardhi ikanizoea," anasema.

Njia alifundishwa na mumewe kutoka kitandani. Kila asubuhi alimwelekeza: penye mawe mekundu shuka, usijifanye shujaa, penye mti uliokatwa na radi shika kulia. Jioni alirudi na madumu matupu na magoti yenye damu, na mumewe akamuuliza kwanza habari za magoti, kisha habari za baiskeli. Wakaishi hivyo miaka.

Halafu kampuni ya maziwa ikanunua gari. Wafugaji walimpa pole kwa moyo mmoja, kisha maziwa wakayapakia garini.

Ilikuwa katika zile siku za mwisho za kazi. Alikuwa anarudi nyumbani na madumu matupu, ukungu umefunga mlima mzima, akasikia filimbi kutoka kwenye mawe meusi. Akaifuata. Akakuta wageni wawili, mtu na mkewe, na baiskeli zilizosheheni mizigo. Simu yao iliwaonyesha njia nyeupe iliyonyooka katikati ya mawe, mahali ambapo hata mbuzi hapiti. Mke alikuwa ameanguka, kifundo cha mkono kimevimba.

"Yule mama alikuwa na Kiswahili cha kuombea maji tu," anakumbuka. "Nikachukua jiwe, nikagonga dumu. Nikamwonyesha: likilia, njooni. Likinyamaza, simameni."

Wakaanza kutembea hivyo, yeye mbele akigonga, wao nyuma wakifuata mlio. Upepo wa mlima aliuweka kwenye shavu la kushoto, kama mumewe alivyomfundisha. Kisha upepo ukatulia. Akasimama.

"Sikuwaambia kwamba sijui tulipo. Ningewaambia kwa lugha gani? Niliogopa, nisikudanganye."

Walikaa chini katika ukungu ule, watu watatu wasiojuana, wakigawana biskuti za wageni. Baridi ikaanza kuingia mifupani. Mwanamume alikuwa ameshaanza kufungua hema pale pale juu ya mawe aliposikia Mama Breki anacheka peke yake. Kwa mbali, kengele ya ng'ombe ilikuwa inalia. Na upande ule mwenye ng'ombe wa kengele alikuwa mmoja tu: shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye shamba lake limepakana na mawe.

Wakatokea uani kwa shemeji jioni, wamelowa chapachapa. Wageni walilala kwa Mama Breki, asubuhi wakaenda zahanati. Kabla ya kuondoka, yule mgeni wa kike alimshika mkono kwa mkono wake mzima, akamuuliza, mganga wa zahanati akimfasiria, kama wakija wengine atawapitisha.

"Nikasema ndiyo. Mtu akiondoka huwezi kumkatalia. Nilijua hawaji."

Walikuja. Mvua zilipokwisha walikuja wanne, waliotumwa na wale wawili. Baada yao wengine, na wengine wakaleta wa mjini. Kiangazi kizuri hupata safari mbili au tatu kwa mwezi, na msimu wa mvua hakuna. Kipato hakilingani na jasho, lakini kimemsomesha kitinda mimba mpaka chuo cha ualimu.

Msimu wa pili nusura kazi ife. Asubuhi moja alifika na kundi lake kwenye shamba la shemeji, akakuta njia imezibwa kwa matawi ya miiba. Hakuna pengine pa kutokea kutoka kwenye mawe meusi. Wageni walirudi walikotoka, na baadhi yao hawakuficha hasira.

Mumewe alitaka kwenda kumkabili kaka yake siku hiyo hiyo. Mke akamkalisha. "Nilimwambia ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sasa wewe unataka kugombana, na jembe lenyewe hulimudu. Niachie mimi."

Akaenda peke yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja kunitajia bei?"

"Nimekuja kuuliza kosa."

Mzee akasema: "Watu wako wanapita uani kwangu kama maji ya mvua. Sijui wanatoka wapi, sijui wanakwenda wapi. Mama amelala ndani anaumwa, wao wanacheka dirishani. Wanamsalimu mbwa wangu. Mbwa! Mimi nimekaa pale pale, hawanioni."

Kumbe kijiji kizima kilidhani anataka pesa. Mama Breki akaomba radhi, akaahidi kwamba kila kundi litabisha hodi na kumwamkia kwanza. Matawi ya miiba yaliondolewa siku ile ile, na shemeji mwenyewe ndiye aliyeyaondoa.

Leo, mchana, kundi la karani linafika hapo baada ya kushuka majivu. Katikati ya mteremko karani alipauka, akashuka, akaisukuma baiskeli yake hadi chini. Mama Breki alimngoja. "Kusukuma si aibu," alimwambia. "Aibu ni kubebwa."

Langoni wote wanashuka. Mama Breki anabisha hodi na kungoja ajibiwe, ingawa mwenye nyumba anamwona. Shemeji ameshavaa koti na kukaa kwenye kiti chake. Wanapita mmoja mmoja kumwamkia, na karani, aliyechoka mpaka akili, anajikuta anasema, "Mambo!"

"Mambo ni huko ulikotoka," mzee anamjibu, uso mkavu. "Hapa unasema shikamoo, ndipo upewe chai."

Ndani, mama mkwe, aliyepona na kuwazika waliokuwa wakimwombea, anamuuliza kila mgeni ni mtoto wa nani. Jibu halielewi, lakini analipokea kwa kichwa kama anayeijua familia.

Jioni, wakiwa wamerudi nyumbani, Mama Breki anasema hataki kufia barabarani. Anawafundisha wake wawili wa wakulima, na kiwanja ni kile kile cha shule. Mmoja ameshaweza kushuka bila kupiga mayowe. Wakiiva, anataka wafungue njia ya upande wa pili wa mlima, kwenye chemchemi za maji ya moto.

Lakini kabla ya hapo ana safari yake. Fundi wa kuchomelea wa sokoni anaunganisha baiskeli mbili kuwa moja yenye viti viwili, na cha nyuma kina mahali pa kuwekea mguu usiokunjika. Mvua zijazo zikikatika atampandisha mumewe hadi ukingo wa kasoko. Mumewe hajafika huko tangu alipovunjika.

"Nimeshamwambia, mteremko ukimtisha afumbe macho," anasema.

Mumewe, kwenye kigoda chake, anainua kichwa kutoka kwenye mnyororo anaoupaka mafuta.

"Nifumbe macho?" anauliza. "Miaka yote hii nasimuliwa ziwa langu na wageni. Safari hii nakwenda kulitazama mwenyewe."