Adhana ya Mzee Gharibu

Miaka kumi na tisa Mzee Gharibu aliadhini katika msikiti mdogo wa mtaa wao, mjini Kibondo, na waliomsikia hawakuwa na haja ya kutazama saa. Mchana aliuza vitenge. Wakati wa swala ukikaribia, alirudishia mlango wa duka akaenda.

Jioni moja ya Ramadhani ya mwaka 2013 aliadhini Magharibi saa kumi na mbili na nusu. Moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umeficha jua. Watu wakafuturu kwa tende na uji; mara moshi ukapasuka, jua lile pale. Siku hiyo ikabidi ilipwe.

Hakuna aliyemgombeza. Afadhali wangemgombeza. Kesho yake alimkuta jirani yake Nurudini ameshika kipaza sauti.

"Pumzika, mzee wangu," Nurudini alisema bila kumtazama.

Tangu hapo mtaa mzima ukampumzisha. Vikao vya msiba hakuitwa. Dukani wateja walimuuliza bei binti yake, Nasma, na mzee mwenyewe amekaa pale pale. Ni kweli alikuwa akisahau: majina, kama amekwisha kula, safari moja hata njia ya kutoka sokoni. Lakini saa nyingi za siku alikuwa na akili zake timamu, na saa hizo ndizo zilizomuuma.

Nasma akampeleka kwa daktari.

"Analala vizuri?" daktari alimuuliza Nasma. "Huwa anapotea njia?"

"Niulize mimi, mwanangu," Gharibu alisema. "Anayesahau ni mimi, siyo yeye."

Daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia. Akamweleza kwamba ni maradhi ya ubongo, ndiyo kwanza yanaanza, dawa ya kuyaondoa hakuna. Ila asikae bure, wala asikae peke yake.

Hilo la pili ndilo lililokuwa gumu. Akaenda mwenyewe kwa imamu, Shehe Saady.

"Shehe, sauti ninayo. Saa ndiyo imenitoka. Niwekee mtu wa kuniambia sasa."

Shehe akamkubalia Adhuhuri, hiyo tu. Nurudini akawa anasimama kando yake. Wakati ukifika, humgusa bega.

Mwaka 2015 uliisha akiwa bado anaadhini hivyo, na adhana yake haikukosea neno. Swala ikiisha, watu humpa mkono, "Umeadhini vizuri, mzee," kisha hutafuta viatu vyao na kuondoka wawili wawili, wakizungumza. Yeye hubaki mkekani, akitazama mlangoni, huenda mmoja wao akarudi kumuuliza habari za nyumbani.