Bibi Alikaa Kitanda cha Wakesho

Usiku ule bibi yangu, aliyemzaa mama, alinijia ndotoni huko huko Ujerumani, akakipita kitanda changu akaenda kukaa kwenye cha mwenzangu. Nalisema hili mapema, maana watu wakisikia marehemu kamjia mtu hudhani mtu huyo aliogopa. Sikuogopa. Niliona wivu.

Mimi ni Maimuna wa Kibokoni, Mombasa, na kazi yangu ni kucheza dansi ya Kiairishi. Cheka, ukimaliza tuendelee. Shule yetu ya bweni, kule Taita, ilikuwa na sista mmoja kutoka Ireland, na Jumamosi alikuwa akisukuma meza za bwalo pembeni na kutufundisha dansi ya kwao: mwili umenyooka, mikono imebanwa ubavuni, kazi yote ni ya miguu. Mimi ndiye niliyeanza. Wakesho, mwenzangu wa shule, nilimvuta mimi mwenyewe, kwa sababu nilichoka kucheza peke yangu. Sasa tumo sote katika kundi linalozunguka nchi za watu kwa basi, leo mji huu, kesho ule. Hotelini tunalala chumba kimoja, tunagawana pasi na chumvi ya kulowekea miguu. Na yeye ndiye anayecheza peke yake katikati ya jukwaa, taa zote juu yake. Mimi niko mstari wa nyuma. Tena nimefundishwa hatua zake zote, ili siku akiumwa niingie mimi, na tangu tutoke nyumbani hajaumwa hata mafua.

Kila jioni nilisimama nyuma ya pazia nikamtazama. Wenzetu walisema, tazama anavyompenda rafiki yake.

Viatu vyetu vya kugonga vina ncha na visigino vigumu, na sisi wachezaji tunajuana kwa mlio kuliko kwa sura. Basi wiki ile nikaanza kusikia jambo. Mguu wa kulia wa Wakesho ulikuwa ukigonga sawasawa, wa kushoto ukinong'ona. Kwa macho huoni kitu, anatabasamu na watu wanapiga makofi. Halafu soksi zake, ambazo sisi huzigandisha miguuni kwa gundi zisiteleze, siku zote alikuwa akizivalia kitandani huku tukipiga soga. Siku hizo akawa anajifungia bafuni. Nikajua ana mguu mbovu na anauficha, na nikajua anayefichwa ni mimi. Nikajitia hamnazo. Nilijiambia kwamba nikimwambia Maeve, mkuu wetu wa dansi, watasema Maimuna ana kijicho. Kijicho nilikuwa nacho, ni kweli, lakini sicho kilichonifunga mdomo. Nilinyamaza kwa kuwa nilitaka mguu ule uvunjike.

Na hivyo ndivyo nilivyolala.

Mlango wa chumba ukafunguka, Bibi akaingia na buibui lake la zamani na mfuko wa plastiki mkononi, kama mtu aliyetoka Marikiti kununua bizari. Nje theluji inaanguka, yeye hana hata tone. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba bila kunigeukia, akapita. Akakaa kwenye kitanda cha Wakesho, akafunua blanketi, akautoa ule mguu wa kushoto akauweka mapajani mwake. Kutoka mfukoni akatoa chupa ya mafuta ya simsim, akaanza kukanda.

Hapa lazima nieleze. Bibi ujanani alikuwa mchezaji wa lelemama, ile ngoma ya wanawake wanaosimama safu moja juu ya benchi, leso sare, mikono ndiyo inayosema na miguu imetulia. Ngoma ikiisha wenzake walikuwa wakimletea miguu awakande, maana kusimama vile kutwa si mchezo. Uzeeni akabaki kukanda mmoja tu, na huyo mmoja nilikuwa mimi. Miguu hii aliikanda tangu haijatembea. Wakesho alifika kwetu likizo moja, akala pilau, akaondoka, na Bibi akabaki akimsifu eti yule mtoto ana shingo ya mchezaji. Mimi hakuwahi kuniambia nina shingo ya nini. Neno lile nimekaa nalo mpaka Ulaya.

Kwa hiyo roho iliniuma, iliniuma hasa. Mtu katoka ahera hadi Ujerumani, mjukuu wake yuko pale, anamkanda mtoto wa watu.

"Bibi, ni mimi, Maimuna."

"Nakuona."

"Mbona umekaa kule?"

"Wewe miguu yako mizima."

Akaendelea kukanda. Nataka kushuka kitandani, nashuka, na sakafu si zulia tena, ni saruji ya uani kwetu Kibokoni, imemwagiwa maji ipoe. Kuna harusi. Benchi limepangwa kando ya ukuta na wanawake wamesimama juu yake, leso zao nyekundu zote, mikono inapanda na kushuka pamoja. Bibi yumo, kijana, mwembamba, kikuku mguuni. Katikati ya safu pana nafasi tupu. Wote wanacheza kuizunguka ile nafasi na hakuna anayeitazama.

"Hapo palikuwa pa Bi Zena," Bibi ananiambia akiwa juu ya benchi, mikono haisimami. "Nilipataka sana."

"Ukapapata?"

"Nilipapata. Mguu wake ulikuwa mkononi mwangu jioni ile, namkanda. Nilishika mfupa nikajua. Nikamwambia, nenda kacheze."

Bi Zena nilimjua utotoni, mzee wa jirani aliyekuwa akikaa barazani siku nzima na fimbo yake, anatutuma mahamri. Hatukuwahi kuuliza alilemaa vipi. Bibi alikuwa akimpelekea chakula kila Ijumaa, yeye mwenyewe, hamtumi mtu.

Sijui nilipandaje, lakini sasa ni mimi niliyesimama kwenye ile nafasi. Nimevaa viatu vyangu vya kugonga na benchi ni jukwaa, taa ziko machoni, ukumbi umejaa hadi juu. Nacheza hatua za Wakesho na sikosei hata moja. Pazuri, wallahi. Sitakudanganya niseme palikuwa na miiba. Mwili wangu wote unasema ni hapa, ni hapa ulipotakiwa kuwa siku zote. Bibi yuko chini, mzee tena, ameinua uso ananiangalia.

"Raha?" ananiuliza.

"Raha, Bibi."

"Basi njoo ushike huku."

Tuko chumbani. Mguu wa Wakesho uko mapajani mwake, mwenyewe amelala fofofo. Bibi anaushika mkono wangu, mkono wake una mafuta na una joto, ananiwekea vidole juu ya unyayo, kwenye mfupa wa katikati. Panawaka. Panapiga chini ya vidole vyangu mapigo ya kwake peke yake. Nataka kuutoa mkono, Bibi anaushikilia.

"Mimi nilishika nikanyamaza," anasema. "Sasa na wewe umeshika."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, mwanga wa kijivu dirishani, mashine ya joto inanguruma. Wakesho alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, upande ule ule aliokaa Bibi, amevaa tayari kwa mazoezi ya asubuhi. Alikuwa ameng'ata taulo, anausukuma mguu wa kushoto ndani ya kiatu. Aliponiona namtazama akaitoa taulo mdomoni haraka.

"Umelala leo, shoga," akasema. "Ulikuwa unaongea usingizini."

"Nilisema nini?"

"Raha. Umesema raha, umerudia."

Nilikaa kidogo na blanketi langu. Nilikuwa na hasira na Bibi. Angeweza kumwendea yeye mwenyewe ndotoni, akamwambia mguu wako mbovu, nenda kwa daktari. Ujumbe ni wa Wakesho, kwa nini nibebe mimi? Na nikiusema, jioni nitasimama pale katikati, na kundi zima litasema Maimuna kajitengenezea. Na nisipousema nitasimama pale pale, kesho au keshokutwa, wala hakuna atakayenisema.

Nikashuka. Nikaenda kukaa alipokaa Bibi.

"Nipe mguu," nikamwambia.

"Mguu gani?"

"Usinifanye mtoto, Wakesho."

Akaurudisha mguu chini ya kitanda. "Ukimwambia Maeve," akasema, "utacheza wewe."

"Nitacheza mimi."

"Na unataka."

"Nataka. Nimetaka tangu bwaloni. Vua kiatu."

Alinitazama, nadhani alikuwa akitafuta usoni mwangu kitu cha kuchukia, na kilikuwepo, hakuwa na haja ya kutafuta sana. Nikamwambia kwamba Bibi yangu amekuja usiku, amekaa hapa nilipokaa, amemkanda yeye na mimi hakunigusa ila kunionyesha mahali. Wakesho akaanza kulia. Akafungua kamba, akavua, akaibandua soksi polepole kwenye gundi yake, akaniwekea mguu mapajani.

Ulikuwa umevimba, na ulikuwa wa moto pale pale. Nilimwambia tukimaliza tunakwenda kwa Maeve wote wawili, na atakayesema ni yeye, mimi nitamshika mkono tu. Halafu nikaanza kumkanda kifundo na vidole, mbali na mfupa ule, kama Bibi alivyokuwa akinikanda mimi, na wivu wangu ningali nao wote.