Siku Niliyozuia Yowe

Siku ile tulikuwa tunageuza dagaa. Jua la Ukerewe likiwaka sawasawa, dagaa hukauka kwa siku moja, na wanawake wa mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapoegeshwa, walitaniana kutwa, ilimradi mikono isisimame. Mdogo wangu Bwire alikuwa kando yetu akisafisha mashine ya mtumbwi wake. Aliponiona akapiga saluti ya mzaha.

"Mheshimiwa mwenyekiti, shikamoo!"

Nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji, na yeye ndiye aliyenipigia debe nyumba kwa nyumba. Nikamwitikia marahaba kwa kiburi cha kuigiza, wanawake wakacheka.

Wengine wakisikia vita hufikiria mipaka na vifaru. Vita vyetu vilikuja kwa mitumbwi. Kwa msimu mzima watu wenye bunduki walikuwa wakivamia visiwa, kimoja baada ya kingine, wakitafuta mashine na nyavu. Aliyewabishia walimuua.

Zamani tulikuwa na ulinzi wetu. Likipigwa yowe, kila mwanamume hutoka na alichonacho, awe shambani au mezani. Asiyetoka hutengwa, hapewi hata kaa la moto la kuwashia jiko. Mpiga yowe wetu alikuwa Bwire. Alikuwa na kifua. Akipaza sauti ufukweni, wanaolima mihogo kule kilimani wanasikia.

Kisha akaja askari kutoka kituo cha polisi. Alisema tunajeruhi wasio na hatia, na hakusema uongo: tulishamvunja mkono mchuuzi wa nyavu kwa kumdhania mwizi. Akaagiza silaha zikusanywe na yowe likome. Ulinzi, alisema, ni kazi ya serikali. Akaniachia namba ya simu na kuahidi boti ya doria.

Nilizikusanya mwenyewe. Wazee walinung'unika. Bwire alileta panga na mkuki wake kabla ya wote, ili mimi dada yake nisiaibike. Baadaye mitumbwi migeni ilipoanza kuzungukazunguka, niliandika barua kituoni mara mbili. Zote zilipokelewa, nakala zangu zikagongwa muhuri.

Siku hiyo ya dagaa, saa tisa mchana, mitumbwi mitatu ilitokea nyuma ya mawe.

Waliokuwa ndani walikuwa wamesimama, na bunduki mkononi.

Wanawake wakakimbilia migombani. Nikapiga simu. Bwire akanijia mbio.

"Dada, nipige yowe?"

Simu ilikuwa sikioni. Sauti ya kituoni ikaniambia boti ipo, mafuta hakuna, wanafuatilia.

"Subiri," nikamwambia Bwire. "Wanakuja."

Akasubiri.

Kule kilimani wanaume waliendelea kulima. Hakuna aliyeinua kichwa.

Wale watu walipofika kwenye mtumbwi wake, Bwire aliteremka mikono mitupu, kuwasihi wamwachie mashine. Nilimwita. Hakugeuka.

Nikasikia mlio mmoja, halafu wa pili.

Boti ya kituo ilifika kesho yake asubuhi. Askari waliandika maelezo kwa adabu, wakatupa pole, wakaondoka. Tulimzika Bwire alasiri.

Sasa ninaishi Butimba, Mwanza, kwa binti yangu. Majuzi mwanasheria mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alitukusanya sisi tuliofiwa visiwani.

"Mama, serikali ilijua kuna hatari?" aliniuliza.

"Ilijua. Barua zangu zina muhuri."

Akanieleza kwamba haitoshi serikali isiue tu. Ikijua uhai wa watu wake uko hatarini, ni lazima ifanye kilicho ndani ya uwezo wake kuwalinda, na ikikaa tu imevunja haki yao. Nilifurahi kusikia hivyo, na hapo hapo nikapandwa na hasira. Miaka yote nilidhani tulipatwa na bahati mbaya. Nikakubali kufungua kesi, na ninataka tushinde. Wenye boti watafute mafuta kabla ya kunyang'anya watu mikuki.

Kisha akauliza nani alituzuia kupiga yowe. Nikamtaja yule askari. Akaandika, akafunga daftari, akanishukuru.

Sikumdanganya, lakini sikumaliza. Yule askari Bwire hakumjua hata jina. Aliyemwambia asubiri ni mimi. Serikali aliyoitii siku ile ilikuwa dada yake. Na nilipomwambia wanakuja, nilikuwa nimekwisha kusikia kwamba mafuta hakuna.