Shira ya Posa ya Dada Zuhura

Enzi zetu za Likoni, kabla bendera haijabadilishwa, tulizijua tabia za vimiminika kabla hatujafundishwa majina yake. Tuliinamisha jani la mgomba, tukadondosha juu yake maji, mafuta ya nazi na asali, kisha tukashangilia mbio. Maji yalikimbia, mafuta yakatembea, asali ikajivuta kama mtoto aliyetumwa dukani. Msimu wa baridi mafuta ya nazi yaliganda chupani, nasi tukaibana chupa kwapani hadi yayeyuke, tupake nywele twende skuli. Vijana wa leo wakiyaona yameganda, huyatupa wakidhani yameoza.

Shira ndiyo hatukuiweza. Ile sukari ichemshwayo kwa maji na iliki, ya kumwagia kaimati, yale madonge ya unga yaliyokaangwa. Naikumbuka siku wanawake wa Kisauni walipokuja kumtazama dada yangu Zuhura, wakiongozwa na shangazi wa mchumba. Mama huyo alisifika kwa kukataa wasichana. Mmoja alimkataa kwa sababu ya tui jepesi. Na Zuhura, wallahi, alimtaka yule kijana hata chakula kikamshinda.

Kaimati aliagizwa azipike mwenyewe. Shira ikatokota juu ya seredani, nyepesi kama maji ya kunawa.

"Bibi, haijashika!" alimlalamikia bibi yetu aliyeketi kando ya moto.

"Iepue, mwanangu. Ikiwa moto inakudanganya. Ngoja ipoe uione."

Zuhura hakungoja. Wageni walikuwa wamekwama kivukoni, naye kila alipoichota na kuiona ikiteremka upesi mwikoni, aliongeza makaa. Hodi iliposikika akazimwagia kaimati zote kwa pupa. Salamu zetu za Pwani mnazijua urefu wake. Zilipokwisha, shira ilikuwa imepoa.

Shangazi akanyoosha mkono, akashika kaimati moja. Zikanyanyuka zote. Akatikisa, haikuanguka hata moja, na sahani nayo ikafuata. Zuhura alijifunika mtandio uso mzima.

"Ala! Mwanangu, hizi umezipika au umezishona?"

 Bibi akadakia: "Ndivyo tulivyo nyumba hii, mama. Ukichukua mmoja, umetuchukua sote."

 Shangazi akacheka hadi machozi yakamtoka, sahani ingali inaning'inia. "Basi nileteeni kisu, nami nipate fungu langu!" Kabla ya alasiri kwisha, posa ilikuwa imekubaliwa.

Chuo kikuu nilikuja kufundishwa kwamba jambo lile huitwa mnato, na kwamba hupungua kimiminika kinapopata joto. Nilifaulu mtihani huo huku nikicheka.

Juzi nilialikwa kwenye shughuli kama ile. Kaimati ziliagizwa kwa mpishi wa kukodiwa, kila moja imekaa ndani ya kikombe chake cha karatasi na kijiti chake cha kuchomea. Wageni walikula wakitazama simu. Nikaishika yangu, nikainyanyua polepole. Ikaja peke yake.