Mikono ya Severina

Ukifika Iguguno ukauliza karanga za kusaga zinapatikana kwa nani, hata mtoto wa shule atakuonyesha nyumba ya Severina. Alianza kutwanga akiwa binti, akaolewa na kuzika mume akiwa bado anatwanga, na nyumba nyingi pale mlenda hauliki bila karanga zake. Mafuta pia anakamua mwenyewe: anatwanga mpaka rojo, ananyunyizia maji ya moto, anakanda na kukandamiza mpaka yachuruzike. Mikono yake inanukia karanga hata kanisani, na wa benchi la nyuma humlalamikia kwamba anawatia njaa kabla ya mahubiri.

Alipozaliwa Alute, mtoto wa kwanza wa mwanawe Laurenti, Severina alisema naye sasa kapata mume. Ndivyo alivyomwita, "mume wangu", kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kiume. Ila mume huyo alikuja na ngozi mbaya. Mashavu na mikunjo ya viwiko ilipasuka, ikatoa majimaji, akajikuna mpaka damu. Zahanati walisema ni pumu ya ngozi. Bibi akasema ni ukavu tu, na dawa ya ukavu anayo ndani. Basi kila jioni akitoka kwenye kinu alimpakata mtoto na kumkanda kwa mafuta yake ya karanga, taratibu, hasa pale palipochanika. Alute alitulia mikononi mwake kuliko hata kwa mama yake, Eliana. Aliikamata ile mikono, akainusa, akasinzia.

Kwenye kula, hata hivyo, bibi alikuwa askari. Tumbo la mtoto ni changa, karanga ni nzito. Sharti la nyumba ile lilikuwa moja: mtoto haonji karanga mpaka aziombe kwa mdomo wake mwenyewe. Eliana aliwahi kusema kwamba kliniki wanashauri zitiwe kwenye uji mapema. Mkwewe alimtazama kwa namna iliyomfanya asirudie tena kulisema.

Siku ikafika. Alute alisimama mlangoni, akanyoosha kidole kwenye kinu, akasema, "Kaanga."

Severina alicheka mpaka akaketi chini. Akachota rojo kwa ncha ya kidole, akamlambisha, akamwita jirani yake Yustina aje amwone mume wake amekuwa mtu mzima.

Yustina hajafika, midomo ya mtoto ikaanza kuvimba. Vipele vikatambaa shingoni, macho yakafumba, pumzi ikawa inapiga mluzi. Severina alidhani amepaliwa, akampigapiga mgongoni. Hakupaliwa. Bibi akaduwaa pale pale, kidole bado kimelowa karanga, na Eliana ndiye aliyemnyakua mtoto na kusimamisha bodaboda; Severina akawafuata kwa nyingine.

Kituo cha afya walimchoma sindano ya paja kabla hata ya kuuliza jina. Mluzi ulipopungua, daktari kijana aliyeitwa Nathanaeli aliwageukia.

"Shikamoo mama. Amekula nini?"

"Marahaba, baba. Karanga. Ya kulamba tu, na hajawahi kuonja tangu azaliwe."

"Hajawahi kabisa? Na kwenye ngozi mnampaka nini?"

Severina alijibu kwa fahari kidogo, maana hapo alijua amefanya vizuri. Daktari akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Mama, mwili wa mtoto unajifunza. Chakula kikipitia tumboni mapema, mara nyingi unakizoea, unajua hiki ni chakula. Kikiingilia kwenye ngozi iliyopasuka, unaweza kukidhania ni adui, ukajiandaa kupigana nacho. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa huyu. Lakini ndivyo tunavyoona."

"Kwa hiyo kumnyima ndiko kulikoharibu," Severina alisema polepole. "Na kumpaka."

"Hukujua, mama."

Hakujua, ni kweli, lakini neno lile halikumsaidia. Njia nzima ya kurudi alikaa juu ya mikono yake. Aliiogopa. Mikono iliyolisha watu wa Iguguno miaka yote hiyo, ndiyo iliyotaka kumtoa roho mtoto anayempenda kuliko wote, tena huku ikimbembeleza.

Kinu kilihamia kwa Yustina siku iliyofuata. Severina alitwanga huko, na kabla ya kurudi nyumbani alijisugua kwa sabuni na majivu mpaka viwikoni, akabadili kanga. Alute alimkimbilia kama kawaida yake. Akainuliwa, akakamata mkono wa bibi, akaunusa. Akaunusa tena. Kisha akaanza kulia, akajinyonganyonga ashuke, huku akiangalia pale uani kilipokuwa kinu, akimtafuta bibi yake.